Msimuliaji Asiyeijua Kesho

Katika riwaya ya Bram Stoker iitwayo Dracula, iliyochapishwa mwaka 1897, damu yote inayomwagika hainitishi kama hesabu ndogo ya tarehe anayoifanya wakili kijana, Jonathan Harker, katika shajara yake ya Mei 19. Mwenyeji wake, Dracula mwenyewe, mnyonya damu anayemzuia ngomeni, amemwagiza aandike barua tatu kwa mkupuo mmoja: ya kwanza iseme kwamba kazi inakaribia kwisha na ataondoka baada ya siku chache, ya pili kwamba anaondoka kesho yake asubuhi, na ya tatu kwamba ameshatoka ngomeni na amefika mji wa Bistritz. Harker anauliza aziwekee tarehe gani. Mwenyeji anafikiri kidogo, kisha anamtajia: Juni 12, Juni 19 na Juni 29. Harker anaandika kwamba sasa ameujua urefu wa maisha yake, anamwomba Mungu amsaidie, na maandishi ya siku hiyo yanaishia hapo.

Tangu hapo kazi ya tarehe katika kitabu kile inabadilika. Mei 28, Mei 31, Juni 17, Juni 24: msomaji aliyekuwa akizipita bila kuzitazama sasa anazisoma kwa hofu, kwa sababu kila moja inamsogeza Harker karibu na ile barua ya tatu. Stoker hakulazimika kuongeza popo wala ngurumo. Alichokihitaji kilikuwa tayari kimo katika umbo la shajara, yaani siku zinazofuatana na mtu anayeziandika bila kujua ya mbele.

Nimekuwa msomaji wa riwaya za kigothi tangu ujana, zile zenye nyumba kongwe, siri za ukoo na wafu wasiokubali kutulia, na karibu kila ninapokuta shajara ikisifiwa katika utanzu huu, husifiwa kwa jambo lile lile: kwamba humsogeza msomaji karibu na moyo wa mhusika. Silikatai hilo. Lakini ukaribu wa namna hiyo hupatikana pia katika shairi, katika barua ya mapenzi na katika tawasifu, wala hakuna anayetishwa nao. Ninachoamini mimi ni kwamba faida kubwa ya shajara katika hadithi za kutisha ni ujinga wa anayeiandika. Hajui ukurasa wa kesho utabeba nini, wala hajui kama kesho atakuwapo wa kuuandika, na ujinga huo hauwezi kuigizwa vizuri na msimuliaji ambaye ameshafika mwisho wa kisa chake akaketi kutupa habari.

Tofauti hiyo huonekana ukiitazama namna tunavyosimuliana hofu huku kwetu. Mwanza na visiwa vyake hatuna uhaba wa visa. Katika kambi za dagaa, wavuvi wanapongoja mwezi uzame ili waingie majini na kuwasha taa zao, hakosekani mtu wa kueleza habari ya mtumbwi uliorudi bila watu, au ya sauti iliyomwita kwa jina lake akiwa mbali na nchi kavu. Visa hivyo husimuliwa kwa ustadi mkubwa, mwenyewe akijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kushusha sauti, na sijui mwandishi wa vitabu anayeweza kushindana na fundi wa namna hiyo. Hata hivyo kisa cha mdomo kina dhamana isiyoondoka: anayesimulia amekaa mbele yako, anachambua sato kwa vidole, na kwa hiyo unajua kwamba alinusurika. Hofu yake imeshapita, nawe unaonjeshwa masalia.

Riwaya ya nafsi ya kwanza inayosimuliwa kwa wakati uliopita hurithi dhamana hiyo hiyo hata kama mwandishi haitaki. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliivunja waziwazi katika Kichwamaji ya mwaka 1974, ambamo Kazimoto anatusimulia mwenyewe maisha ambayo mwishowe anayakatisha kwa mkono wake, na msomaji anabaki akijiuliza maneno yale yote aliyatamka lini na akiwa wapi. Katika riwaya ya fikra kama ile, swali hilo ni sehemu ya fumbo na silihesabu kuwa kasoro. Katika hadithi ya kutisha, msomaji akianza kuuliza swali hilo, hofu imeshamtoka. Shajara hulijibu kabla halijaulizwa: maneno yaliandikwa usiku ule ule, mezani pale pale, na mwenye kalamu alikuwa bado hai kiasi cha kuishika.

Ushahidi bora ninaoujua ni wa mwandishi aliyeiandika hadithi moja mara mbili. Guy de Maupassant wa Ufaransa alichapisha Le Horla mwaka 1886, akaiandika upya na kuitoa tena mwaka 1887. Katika toleo la kwanza daktari anawaalika wenzake wamsikilize mgonjwa, naye mgonjwa anawaeleza kwa utaratibu jinsi kiumbe kisichoonekana kilivyohamia nyumbani kwake, kikawa kinakunywa maji yake usiku na kuunyonya uhai wake. Ni hadithi nzuri. Lakini mgonjwa yumo mikononi mwa madaktari, ana wasikilizaji wasomi, na mwishoni daktari anayatamka mashaka kwa niaba yetu. Toleo la pili limemwondoa daktari pamoja na wageni wake wote. Kilichobaki ni shajara ya mtu anayeishi na watumishi wake kando ya mto Seine, jirani na mji wa Rouen.

Ukurasa wa kwanza, wa Mei 8, ni wa furaha tupu. Mtu huyu ameshinda asubuhi akiwa amejilaza kwenye majani mbele ya nyumba yake, chini ya mti mkubwa, akitazama vyombo vinavyopita mtoni. Miongoni mwake imo merikebu ya Brazili yenye milingoti mitatu, nyeupe yote, safi na yenye kung'aa, naye anaisalimu kwa sababu tu imempendeza. Siku chache baadaye anaandika kwamba ana homa kidogo. Hayahusishi mambo hayo mawili, na kwa nini ayahusishe? Yeyote aliyezoea kuketi Capri Point hapa Mwanza na kutazama meli zikiingia bandarini anajua kwamba mtu huweza kupungia chombo mkono bila sababu yoyote. Ni mwezi Agosti, anaposoma habari za wazimu wa kuambukiza uliozuka Brazili, ndipo merikebu ile inapomrudia akilini. Msomaji anarudi nyuma kurasa nyingi na kuikuta Mei 8 ikiwa pale pale, na furaha yake yote, bila neno kubadilishwa.

Hebu fikiria kisa hicho kikisimuliwa kwa kutazama nyuma. Msimuliaji angeshindwa kujizuia; angeifikia merikebu na kusema, "Laiti ningalijua." Sentensi hiyo imeharibu hadithi nyingi za kutisha, za kwetu na za wengine, kwa sababu inamgusa msomaji bega na kumwambia ajiandae. Shajara inamnyima mwandishi ruhusa ya kuitumia. Inamnyima pia ruhusa ya kupanga mambo kwa uzito wake, kwa kuwa mwenye shajara hajui lipi litakuja kuwa zito.

Faida nyingine ya toleo la 1887 ni kwamba mgonjwa anaruhusiwa kupona. Anasafiri kwenda Mont Saint-Michel, anarudi akiwa mzima. Anateseka tena, anafanya jaribio la kuzifunga chupa za maji na maziwa kwa kitambaa cheupe, anazikaza vizibo kwa uzi, kisha anajipaka risasi ya penseli midomoni, kwenye ndevu na mikononi ili kama ni yeye anayekunywa usingizini aache alama. Asubuhi kitambaa ni cheupe vile vile na vyombo ni vitupu. Anakimbilia Paris, na huko anajicheka kwa uoga wake. Kicheko hicho ni cha kweli siku kinapoandikwa. Mtu anayejua mwisho hawezi kujicheka hivyo, na sisi tunaosoma tukiwa tumeona unene wa kurasa zilizobaki tunateseka kwa ajili yake. Anamalizia Septemba 10, baada ya kuichoma nyumba yake akiwa amewasahau watumishi waliomo ndani, akiwa hana hakika kama adui yake ameungua, na akiandika kwamba basi itambidi ajiue mwenyewe. Baada ya hapo hakuna daktari wa kutuambia kilichotokea.

Nikolai Gogol alikwenda mbali zaidi mwaka 1835, katika hadithi yake ya karani anayerukwa na akili, ingawa ile ni ya kuchekesha kabla ya kuwa ya kutisha: pale karani anapoweka juu ya ukurasa tarehe Aprili 43 ya mwaka 2000, hatuhitaji tena kuelezwa hali yake.

Sasa nirudi kwa Stoker, kwa sababu kuna sehemu moja ya Dracula ambayo naiona bora kuliko ngome na majeneza yote, nayo ni kumbukumbu za nahodha wa merikebu Demeter iliyotoka Varna kwenda Whitby. Nahodha haandiki ili atishe mtu. Anaandika hali ya hewa, mwelekeo wa upepo, matanga, na idadi ya mabaharia waliobaki. Kwanza amepotea mmoja. Kisha mwingine anasema amemwona mtu mrefu mwembamba juu ya sitaha, chombo kinapekuliwa kila pembe, haonekani mtu. Wanaendelea kupungua. Julai 30 nahodha anaanza kwa kufurahi kwamba wanaikaribia Uingereza, hewa ni nzuri, naye amelala usingizi mzito. Mstari unaofuata unasema ameamshwa na kuambiwa kwamba mlinzi wa zamu na mshika usukani wote hawapo. Siku zilizobaki anaziandika kwa mkono ule ule wa kikazi, hadi anapoamua kujifunga mikono kwenye usukani ili chombo chake kisikose nahodha hata akifa. Katika mji huu wa Mwanza, ambao Mei 21, 1996 ulipoteza mamia ya watu katika ajali ya meli ya MV Bukoba, maandishi ya mtu anayehesabu waliobaki chomboni hayasomwi kwa wepesi, na nadhani ndiyo maana kurasa zile chache zimenikaa zaidi ya kitabu chenyewe.

Ukavu wa lugha ya kazi ndio unaozifanya ziaminike. Mwandishi anayetaka kututisha hukimbilia vivumishi. Nahodha hana nafasi ya vivumishi. Harker naye, kabla hajajua amefika wapi, ameandika habari ya kuku wa pilipili aliyemla njiani na kujikumbusha amwombee mchumba wake, Mina, maelezo ya mapishi. Mambo hayo madogo hayamo kwa ajili ya mapambo. Mtu aliyeandika kwa uaminifu alichokula chakula cha jioni ana haki ya kusadikiwa baadaye, anapoandika kwamba amemwona mwenyeji wake akitambaa kichwa chini kwenye ukuta wa ngome. (Daktari Seward wa kitabu hicho hicho anaiweka shajara yake kwenye mashine ya kurekodia sauti, na siku anapoombwa kipande fulani anagundua kwamba hajui namna ya kukitafuta. Aliyewahi kutafuta agizo moja katikati ya ujumbe mrefu wa sauti wa WhatsApp atamwonea huruma.)

Lakini shajara si sauti tu, ni kitu. Ina jalada, huwekwa mahali, hufichwa, huibwa, huchomwa. Riwaya za kigothi zimeutumia uhalisi huo vizuri kuliko utanzu wowote ninaoujua. Katika Frankenstein ya Mary Shelley (1818), kiumbe kinakuta mfukoni mwa nguo kilizochukua kumbukumbu za mtu aliyekiumba, na humo kinasoma jinsi muumba wake alivyochukizwa nacho. Katika hadithi ya Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892 kuhusu karatasi za ukutani za rangi ya njano, mwanamke aliyekatazwa na mumewe daktari asiandike anaandika kwa siri, na maandishi yanakatizwa kwa sababu mume anakuja. Hapo kuandika kwenyewe ndiko hatari, na msomaji anayeendelea kusoma ni mshirika wa siri hiyo, atake asitake.

Wilkie Collins ndiye aliyelifikisha jambo hili mahali ambapo bado panatetemesha. Katika The Woman in White, iliyotoka kama kitabu mwaka 1860, sehemu kubwa ya kisa tunaipata katika shajara ya Marian Halcombe, mwanamke mwerevu, jasiri, ambaye tumekwisha kumwamini kabisa. Usiku mmoja anajibanza juu ya paa kwenye mvua ili asikilize njama za Fosco na mwenzake, analowa, anarudi chumbani akitetemeka, na anaandika aliyoyasikia huku homa ikimpanda. Mistari inalegea. Maneno yanakatika. Kisha, baada ya mwanya, unaanza mwandiko mwingine, wenye adabu nyingi na sifa nyingi kwa mwenye shajara: ni Fosco, adui mwenyewe, ameingia, ameisoma yote tangu mwanzo, na sasa anaandika humo humo maoni yake. Hakuna aliyepigwa. Hakuna damu. Lakini nilipoufikia ukurasa ule kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba aliyesomwa ni mimi, kwa kuwa hadi wakati huo nilijihesabu kuwa msomaji pekee wa kurasa zile. Sijui umbo jingine la usimulizi linaloweza kufanya hivyo. Huwezi kumwingilia msimuliaji wa kawaida kwa mlango wa nyuma, kwa sababu maneno yake hayakai mahali popote.

Umbo hili lina udhaifu wake, na ulio maarufu ni ule wa muda: mtu anayefukuzwa na mauti anapata wapi nafasi ya kukaa na kuandika kurasa kumi na mazungumzo yote neno kwa neno? Udhaifu huo haunisumbui sana, kwa sababu msomaji husamehe akishapendezwa. Unaonisumbua mimi ni mwingine. Katika nusu ya pili ya Dracula, Mina anakusanya shajara, barua na rekodi za sauti za kila mtu, anazipiga chapa kwa mpangilio wa tarehe, na wote wanasomana. Kwa mantiki ya kisa ni hatua ya busara, na inawaokoa pale Dracula anapoichoma hati, kwa kuwa nakala nyingine ilikuwa kwenye sanduku la chuma. Kwa upande wa hofu, kitabu kinashuka. Kila mmoja sasa anajua anachokijua mwenzake, na mkutano wa wawindaji wale unaendeshwa kama kikao cha harusi chenye katibu na ajenda. Yanayofuata ni mbio, tena mbio nzuri, ila ule upweke wa Harker wa Mei 19 haurudi. Naliona hilo kuwa ushahidi mwingine kwamba nguvu ilikuwa katika kutojua. Na tazama kwamba katika wingi wote ule wa karatasi, Dracula mwenyewe hana shajara. Angekuwa nayo tungemzoea kabla ya sura ya tano.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara tunapozungumzia uandishi hapa mjini ni kwamba shajara ni tabia ya watu wa mbali, kwamba Mtanzania wa kawaida haketi usiku kujiandikia moyo wake, na kwa hiyo hadithi ya namna hiyo ikitungwa kwa Kiswahili itanuka ugeni. Siafiki. Nahodha wa Demeter hakuwa akiandika moyo wake, na daktari Seward alianza kwa kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Mwanza imejaa watu wanaoandika kila siku kwa tarehe na saa: karani wa mizani kwenye mwalo, muuguzi anayekabidhi zamu ya usiku, mwenye duka na daftari lake la madeni, mlinzi na kitabu chake cha matukio. Hao wote wanaandika bila kujua kesho, na wanaandika kwa lugha kavu, na kitabu chao husomwa na mtu mwingine asubuhi. Ni kila kitu ambacho riwaya ya kigothi inakihitaji, na mawe yetu makubwa na nyumba zilizobanwa katikati yake vinatosha kuchukua nafasi ya ngome.

Nimekuwa nikiandika hadithi ya namna hiyo, ya mlinzi wa ghala la samaki karibu na ziwa, yote ikiwa ndani ya kitabu cha lindo. Usiku wake wa kwanza unasomeka hivi:

"Saa 4:00 usiku. Nimepokea lindo. Kufuli tatu, zote nzima. Tochi moja. Hali shwari.
Saa 6:00 usiku. Nimezunguka ghala. Kufuli tatu, zote nzima. Hali shwari.
Saa 8:00 usiku. Nimezunguka ghala. Kufuli nne, zote nzima. Hali shwari.
Saa 10:00 alfajiri. Hali shwari."

Mwenzangu mmoja aliyeisoma rasimu alitaka mlinzi aishangae kufuli ya nne, walau kwa alama ya kuuliza, ili msomaji asiipite. Nimekataa. Mlinzi akishangaa, anayebaki na la kufanya ni yeye. Asiposhangaa, kazi yote inamwangukia msomaji, ambaye hawezi kumwita wala kumwonya. Usiku wa pili kitabu kitapokelewa na mlinzi mwingine, mwenye mwandiko tofauti, naye ataandika tangu saa 4:00 kwamba kufuli ni nne, kwa sababu ndivyo alivyokabidhiwa.

Tulilobishana kwa muda mrefu zaidi ni utangulizi. Yeye anataka kuwe na aya ya kueleza nani alikiokota kitabu na wapi, na ana mfano mkongwe wa kujitetea, kwani Horace Walpole alipoanzisha utanzu huu mwaka 1764 kwa The Castle of Otranto alidai kwamba anatafsiri hati ya Kiitaliano iliyopatikana katika maktaba ya ukoo mmoja kaskazini mwa Uingereza, akaja kukiri mwaka uliofuata kwamba aliitunga mwenyewe. Mimi naona kwamba aya hiyo inarudisha ile dhamana niliyotaka kuiondoa, kwa kuwa kitabu kilichookotwa kina mwokotaji aliye salama. Yangu itaanza kwa muhuri wa kampuni ya ulinzi na namba ya ukurasa, nayo itakuwa 31, na mlinzi ataeleza kwa mstari mmoja tu kwamba kurasa za nyuma yake amekuta zimechanwa.